Refa alikuwa sahihi, ila hakuna aliyetuambia kwa nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua kurasa za michezo ni Simba na Yanga na sisi wa kikapu tunapewa kahabari kadogo chini kabisa, lakini hili nikinyamaza nalo nitakuwa sijawatendea haki marefa wawili ambao juzi juzi walitoka uwanjani wamezungukwa na vijana wa ulinzi kama vile wameiba, na kosa lao ni kwamba walikuwa wanaijua sheria kuliko sisi tuliokuwa tunawazomea.

Mimi ni mwandika skoo. Nakaa mezani na kalamu zangu mbili za rangi kwenye ligi ya mtaa huku Temeke, uwanja wa sementi, ubao hauna zile taa nyekundu za kuwaka muda ukiisha, saa ya mchezo tunaazima na honi ni ya kubonyeza kwa mkono. Nalipwa nauli na soda na sijawahi kulalamika maana naupenda huu mchezo toka nikiwa sekondari. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba nilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye tukio na pointi zenyewe niliziandika mimi kwa mkono wangu.

Ilikuwa nusu fainali. Wenyeji 61, wageni 60, zimebaki sekunde kama nne hivi. Wageni wakarusha mpira ndani, kijana wao mmoja mfupi akaupokea pembeni, akapiga dribo mbili akaingia ndani ya mstari wa pointi tatu, akaruka akaachia. Mwenzangu wa saa akabonyeza honi wakati mpira uko hewani, ushatoka mkononi kabisa, hilo nililiona kwa macho yangu na refa wa upande ule naye aliliona. Mpira ukagonga ringi kwa mbele ukadunda juu kidogo, ukashuka ukagonga tena, na pale pale beki mrefu wa wenyeji akanyanyuka akaufagia kwa kiganja ukaenda mpaka kwenye madumu ya maji. Basi watu wakaingia uwanjani, wenyeji wanabebana, DJ kashapiga muziki. Halafu ndo tukasikia filimbi. Refa aliyekuwa chini ya kikapu kanyoosha vidole viwili, anakuja mezani anapenya katikati ya watu, ananiambia, "Dada, hesabu mbili, kikapu kimeingia." 62 kwa 61, wageni wanakwenda fainali.

Ndugu Mhariri, mi mwenyewe nilisita na kalamu mkononi. Sababu ni kwamba robo ya pili yule yule beki alifanya kitu kile kile, mpira umegonga ringi, unacheza cheza juu, akaufagia, benchi la wageni wote wakasimama wanapiga kelele goltendingi, goltendingi, yaani kagusa mpira usioruhusiwa kuguswa, na refa huyo huyo akapunga mkono kwamba mchezo uendelee. Kocha wa wageni alilalamika mpaka akaonywa. Sasa watu zaidi ya mia tatu wameona kwa macho yao kwamba mpira ukishagusa ringi ni ruksa kuutoa, halafu mwisho wa mechi kitendo hicho hicho kinageuka pointi mbili za kumtoa mwenyeji kwenye mashindano. Aliyekuwa nyuma yangu alinishika bega ananiambia, "Dada futa hiyo mbili, futa!" Chupa zikaanza kuruka. Na Jumatatu asubuhi nikamsikia mtangazaji mmoja wa redio anasema bila wasiwasi kwamba refa alinunuliwa.

Hakununuliwa, alikuwa sahihi mara zote mbili.

Sisi tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Kwenye FIBA mpira uliopigwa kuelekea kikapuni, ukiwa unashuka na uko wote juu ya usawa wa ringi, hauguswi, na ukishagonga ubao ukiwa juu ya ringi nao hauguswi, hiyo ndo goltendingi yenyewe. Lakini ukishagusa ringi tu, zuio hilo linaisha, unakuwa kama ribaundi, mpira uliokosa kikapu ukadunda, wa kugombania, mshambuliaji anaruhusiwa kuusukumia ndani na beki anaruhusiwa kuufagia nje, ili mradi hapenyezi mkono toka chini kwenye neti, haning'inii ringi na hagusi ringi wala ubao wakati mpira uko juu ya ringi. Kwa hiyo robo ya pili beki hakukosea kitu.

Ila kuna kifungu kingine ambacho wengi hatukisomi. Honi ya mwisho wa robo ikilia wakati mpira uko hewani, au refa akipuliza filimbi wakati huo, basi toka hapo mpira ukigusa ringi hakuna mtu yeyote wa timu yoyote anayeruhusiwa kuugusa mpaka ijulikane umeingia au hauingii. Na ukifikiria kidogo utaona ni haki kabisa. Wakati muda unatembea, mpira ulioko juu ya ringi ni wa kugombania, wewe unaufagia na mimi nina nafasi ya kuusukumia ndani, tuko sawa. Muda ukiisha mimi mshambuliaji sina tena cha kufanya, hata nikiusukuma haihesabiwi, sasa itakuwaje wewe beki ubaki na ruhusa ya kuutoa? Kilichobaki pale ni safari ya ule mpira peke yake, ulioachiwa ndani ya muda, uachwe umalize safari yake. Beki akiukatisha, kikapu kinahesabiwa kana kwamba kimeingia, mbili kama ulipigwa ndani ya mstari, tatu kama ni nje. Kile kijana alichofanya kilikuwa halali kabla ya honi na kilikuwa kosa baada ya honi, na honi ililia nusu sekunde kabla hajaruka. Ndo hivyo tu.

Sasa kuna jambo lingine linaloongeza fujo. Wengi wa kizazi changu tulianza kukesha kuangalia NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, kwa sababu ya Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, mwaka 2009 alipochaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies kila kijana mrefu Dar alitaka kuwa yeye, kazi yake ilikuwa kubloku, kuzuia mipira inayopigwa kikapuni, na sisi tukajifunza kubloku kwa kuangalia televisheni. Lakini Marekani wana sheria yao. Kule NBA mpira hata ukishagusa ringi, maadamu bado uko juu ya duara la kikapu, hauguswi. Kwa hiyo pale uwanjani mtu aliyejifunza kwa televisheni aliona refa kaharibu robo ya pili na kapatia mwisho, na aliyejifunza hapa hapa uwanjani aliona refa kapatia robo ya pili na kaharibu mwisho, makundi mawili yenye mawazo tofauti kabisa na yote mawili yanamwita mtu yule yule mwizi. Mimi nilikuwa katikati nawasikia wote.

Na hii siyo mara ya kwanza. Nikikaa mezani nakutana na haya karibu kila mwezi, na ugomvi mwingi nauona unaanzia kwenye vikapu vya ajabu ajabu, siyo kwenye faulo kama watu wanavyodhani, faulo watu walishazoea kukubali. Chukua friithro ya mwisho, ule mpira wa adhabu wa pointi moja. Mchezaji kapiga, imegonga ringi ikadunda, mwenzake akairukia akaigusa kwa ncha za vidole ikaingia. Mashabiki wanahesabu moja. Mimi naandika friithro imekosa, halafu mbili kwa aliyegusa, maana ikishagusa ringi na mtu akaigusa kihalali kabla haijaingia, hiyo siyo friithro tena. Na hata aliyeigusa akiwa beki kwa bahati mbaya, anataka kuitoa ikamponyoka ikaingia, bado ni mbili. Siku moja timu ilikuwa nyuma kwa pointi mbili, ina friithro moja tu imebaki, ikapatikana namna hiyo, wapinzani wakaja mezani wanataka kunipokonya karatasi, wanasema nimewabeba wenzao kwa pointi ya bure.

Au mpira wa kujifunga. Mechi ya wasichana, binti mmoja kwenye vurugu ya ribaundi akausukuma mpira ukaingia kwenye kikapu chao wenyewe, akaanza kulia pale pale. Sheria inasema ni mbili kwa wapinzani na zinaandikwa kwa kapteni wao aliyeko uwanjani, siyo aliyekuwa karibu wala aliyekaa benchi. Nikaandika kwa kapteni, ambaye wakati huo alikuwa upande wa pili kabisa wa uwanja anafunga kamba za viatu. Mwisho wa mechi mzazi mmoja mama wa makamo akaja kwangu kwa heshima zote akaniuliza, "Mwanangu, huyu kapteni mbona umemwandikia kikapu ambacho hakukifunga, mnampendelea awe mfungaji bora?" Nikamweleza taratibu, akasikiliza, akasema asante sikujua, akaondoka. Dakika moja tu. Hakuna chupa iliyoruka.

Ila ukijifunga makusudi ni habari nyingine kabisa, hiyo ni kosa na kikapu hakihesabiwi, wapinzani wanapewa mpira warushe. Watu wanauliza nani mwenye akili atajifunga makusudi? Yupo, na alikuwa na sababu. Septemba 2014 kwenye Michezo ya Asia kule Incheon, Korea Kusini, Ufilipino walikuwa wanacheza na Kazakhstan na kwa hesabu za kundi lao walihitaji kushinda kwa tofauti ya pointi 11 ndio wasonge mbele. Zimebaki sekunde chache wanaongoza kwa pointi mbili tu, hakuna namna ya kupata tisa nyingine. Marcus Douthit akapewa mpira akafunga kwenye kikapu chao wenyewe, nia yao Kazakhstan wasawazishe, waende muda wa nyongeza, na humo wakatafute hizo 11. Marefa wakakikataa kile kikapu, mpira wakapewa wapinzani, Ufilipino wakashinda 67 kwa 65 na wakatolewa. Mpaka leo ukiwahadithia vijana wetu wanakataa wanadhani natunga. Mimi nawaambia waangalie wale marefa, jambo kama lile huenda hawakuwahi kukutana nalo maisha yao yote na walitakiwa kuamua papo hapo mbele ya dunia, na walikuwa na jibu kwa sababu kuna mtu alikaa akaandika kifungu kwa ajili ya jambo ambalo halitokei.

Vifungu vingi ni hivyo, kila kimoja kina kisa chake nyuma. Ile ya sekunde 0.3 kwa mfano. Tarehe 15 Januari 1990 New York Knicks walicheza na Chicago Bulls pale Madison Square Garden, matokeo sare, imebaki sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mpira ukarushwa ndani, Trent Tucker akaudaka, akageuka, akapiga ya tatu, ikaingia, ikahesabiwa, Knicks 109 kwa 106. Binadamu hawezi kudaka, kugeuka na kupiga ndani ya muda huo, ila saa ilichelewa kuanza kutembea. Msimu uliofuata NBA wakaweka sheria na FIBA nao wanayo, kwamba ikibaki 0.2 au 0.1 huruhusiwi kudaka na kupiga, kikapu halali ni cha kuugonga tu mpira au kudanki, kuuchomeka kikapuni kwa mkono, moja kwa moja, kudaka na kupiga kunaanzia 0.3. Mimi nawaza sana juu ya yule mtu wa saa wa siku ile, maana nakaa na mwenzake kila wikiendi na najua kidole kinavyotetemeka.

Lakini Ndugu Mhariri sijaandika ili kuwasifia marefa tu. Nina la kuwaambia na wao, na nalisema kwa uchungu kwa sababu ni watu nafanya nao kazi.

Siku ile kapteni wa wenyeji alikwenda kwa refa mkuu kwa adabu, mikono nyuma, saa imesimama, akauliza naomba nijue ni kosa gani. Kitabu kinampa kapteni ruhusa ya kuzungumza na refa kwa heshima ili kupata ufafanuzi, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama, siyo fadhila. Akajibiwa, "Mechi imeisha, kama hujui sheria nenda kasome." Akarudi kwa wenzake hana cha kuwaambia, na kapteni akirudi hana jibu watu mia tatu wanajitungia la kwao. Ingemchukua refa sekunde kumi, mpira uliguswa juu ya ringi baada ya honi, basi. Nimeshaona marefa wetu wengi wanaogopa kueleza, wanadhani ukieleza umeonyesha udhaifu, kwamba refa mwenye msimamo ni yule anayegeuka akaondoka bila kumtazama mtu. Kwa faulo sawa, huwezi kueleza kila faulo tutakesha. Lakini kikapu cha ajabu kinachoamua mechi, kinachotokea mara moja kwa msimu, kile lazima kielezwe hapo hapo kabla watu hawajatoka getini.

Na maiki ilikuwepo! Hili ndo linaniuma zaidi. Ilikuwa juu ya meza yangu, karibu na karatasi ya skoo, siku nzima ilitumika kutangaza pikipiki iliyoegeshwa vibaya, funguo zilizookotwa na mtoto aliyepotezana na dada yake, na hakuna mtu, nikiwemo mimi, aliyefikiria kuishika akasema, "Ndugu watazamaji, kikapu kimehesabiwa kwa sababu beki ameugusa mpira ukiwa juu ya ringi wakati muda ulikuwa umekwisha, sheria hairuhusu." Wangezomea, najua. Lakini wangezomea sheria, wasingemfuata mtu mpaka kwenye bajaji yake.

Kwa hiyo naomba viongozi wa ligi, hizi za mtaani na za mikoa, kabla ya msimu waite makapteni na makocha wakae na marefa nusu siku, wasirudie faulo zinazojulikana, waoneshwe haya mambo ya pembeni kwa vitendo, mtu aruke kweli auguse mpira kabla ya honi na baada ya honi waone tofauti. Sisi wa mezani nasi tuwepo maana tunatukanwa pamoja nao. Na mtangazaji wa uwanja apewe maelezo na refa, apewe na ruhusa ya kuyasema.

Kwako Mhariri nina ombi dogo. Ile habari ya mechi yetu mliitoa, mistari mitano, mkaandika wenyeji "wametolewa kwa uamuzi wenye utata". Hakukuwa na utata. Mwandishi wenu angekuja mezani ningemfungulia kitabu kwenye simu yangu akasoma mwenyewe, na asubuhi yake watu elfu kadhaa wangejua kitu ambacho hawakukijua jana yake. Naomba siku moja moja mtupe kakona, hata nusu safu, refa mmoja mwenye beji aeleze uamuzi mmoja wa ajabu wa wiki hiyo. Watu watakasoma, kikapu kina watu wengi kuliko mnavyofikiri.

Yule beki mrefu alinifuata siku tatu baadaye, nakunja meza jioni. Ni mtoto wa kidato cha nne, mtaani wanamlaumu yeye sasa kwamba kawatoa. Akaniambia, "Shikamoo dada, mi nilijua ruksa, si robo ya pili aliniacha?" Nikamwonesha kile kifungu. Akakisoma mara mbili, akakaa kimya kidogo, akauliza kama mimi nilivyouona ule mpira toka mezani ulikuwa unaingia au unatoka. Nikamwambia ukweli, ulishagonga upande wa mbele mara mbili, mi niliona unatoka.

Mwandika skoo,
Temeke, Dar es Salaam